Machozi, Jasho na Damu: Maoni ya Msikilizaji Mmoja

Wengi wetu tuliofunzwa ushairi kwa kuhesabu mizani huusikiliza muziki wa kufokafoka kwa sikio moja tu. Sikio la pili hungoja kosa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kuyajua makosa ni sehemu ya mkate wangu wa kila siku. Walakini iko albamu moja ya muziki huo ambayo nimeisikiliza kwa masikio yote mawili tangu ujana wangu hata sasa ninapoanza kuota mvi, na napenda kumweleza msomaji kwa nini. Nayo ni Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, yaani Joseph Haule, iliyotoka mwaka 2001.

Muziki huu ulitufikia ukiwa mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Dar es Salaam na Unguja walikuwa wakiziiga nyimbo za Wamarekani weusi kwa Kiingereza, mpaka Saleh Jabir alipotwaa midundo yao na kuivika maneno ya Kiswahili. Baadaye lilitokea kundi la Hard Blasters, ambamo Haule aliimba pamoja na Fanani na Big Willy, na albamu yao ya Funga Kazi ikawafanya hata wazee waliokwisha kukata tamaa watege sikio, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na visa vilivyosimuliwa mwanzo hadi mwisho, na visa twavipenda sote. Mwaka mmoja baada ya hapo Haule akatoa albamu yake mwenyewe. Katika kazi hiyo alisaidiwa na mtengenezaji wa muziki P-Funk Majani, ambaye studio yake ya Bongo Records imelea sauti nyingi za kizazi kile.

Hata jina la albamu latosha kumzuia mtu njiani. Churchill aliyataja machozi, jasho na damu, pamoja na taabu, alipolihutubia Bunge la Uingereza mwezi Mei 1940, akiwaahidi watu wake tabu kabla ya ushindi. Yeye alikuwa mtawala aliyeomba vitu hivyo kwa raia. Katika albamu hii mambo yamegeuka: msemaji ni raia anayehesabu vitu alivyokwisha kuvitoa. Sijui kama kijana wa Dar es Salaam alikuwa na hotuba hiyo mawazoni, wala si lazima awe nayo. Maneno makubwa hutembea dunia nzima na kila mahali huwapata wenyeji wake.

Kabla sijafika kwenye wimbo uliponivuta hata nikaandika insha hii, yafaa niseme neno juu ya ugomvi wetu wa zamani. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, na tangu hapo wengi walishika kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani iliyoziacha sheria hizo, na wanazuoni wakavutana kwa wino mwingi. Nachekeshwa kidogo nikikumbuka kwamba wakati wakubwa walipokuwa bado wakibishana kama kina ni uti wa mgongo wa shairi au ni pambo lake tu, vijana wasiopata kuzisoma makala zao walikuwa wakivitafuta vina usiku na mchana mitaani. Mfokaji asiye na vina huzomewa. Msikilizaji wake ni mkali kuliko mhariri yeyote wa ukurasa wa mashairi gazetini.

Mizani nayo ipo, ila haihesabiwi kwa vidole. Katika tarbia iliyo ya kawaida mshororo huwa na mizani kumi na sita, nane kila kipande. Katika kufoka, mshororo una mapigo manne ya ngoma, na mwimbaji ana hiari ya kuyajaza kwa silabi kumi au kumi na nane, maadamu analiwahi pigo. Kiswahili chasaidia sana hapo. Mkazo wa neno letu hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa hiyo kina cha silabi mbili huja bila kulazimishwa, tena huangukia penye ngoma. Haule aliijua siri hiyo. Hakimbii kama wafokaji wengine wanaotaka tustaajabie pumzi zao. Hutamka kila neno likasikika, kama mtu asomaye barua kwa niaba ya jirani asiyejua kusoma. Mwenye kuita kazi yake guni ana haki ya kufanya hivyo kwa sheria za mwaka 1954, lakini atakuwa amepima kitambaa kwa kibaba.

Si nyimbo zote za albamu hii zilizo na uzito mmoja. “Jina Langu” ni majigambo, na majigambo ni sanaa yetu ya kale isiyohitaji kutetewa na mtu. “Bongo Dar es Salaam” ni picha ya jiji ambalo mtu huishi kwa akili zake, na asiye nazo huliwa. Naupenda wimbo huo kwa msamiati wake, kwa kuwa umehifadhi usemi wa mitaa ya wakati ule vizuri kuliko kamusi zetu. Ziko nyingine nisizoona haja ya kuzirudia.

Lakini “Ndio Mzee” ni jambo jingine. (Mwanafunzi wangu akiandika “ndio” badala ya “ndiyo” namtilia alama nyekundu. Jina la wimbo naliacha kama lilivyo. Ni mali ya mwenyewe.) Mwimbaji amejivika joho la mwanasiasa aliyesimama jukwaani. Anatoa ahadi, na kila ahadi ni kubwa kuliko iliyotangulia: mabomba yatatoa maziwa, wanafunzi watakwenda mwezini kufanya majaribio yao ya sayansi, na mengineyo kama hayo. Baada ya kila fungu umati unaulizwa kama umeridhika, nao unaitikia kwa pamoja kwa maneno mawili yaliyo jina la wimbo.

Wasomaji wa fasihi ya Tanzania watalitambua umbo hilo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA waliikuza ngonjera, shairi la majibizano ambamo mmoja hajui na mwingine anajua. Asiyejua huuliza, hubisha, huelezwa, na mwishowe hukubali. Pazia hushuka wote wakiwa na nia moja. Shuleni tulizikariri ngonjera hizo tukiwa tumejipanga mistari miwili. Mimi nauona wimbo wa “Ndio Mzee” kuwa ni ngonjera iliyopinduliwa ndani nje. Makubaliano, ambayo kwa Mnyampala yalikuja mwisho baada ya hoja, hapa yako tangu mwanzo, wala hoja haipo. Hakuna aulizaye. Upande wa pili wa mazungumzo umebakiwa na neno moja tu.

Neno hilo lina historia. Tangu mwaka 1965 hadi 1990, chini ya chama kimoja, mpiga kura wa Tanzania alipewa jina la mgombea mmoja wa urais, akaombwa amkubali au amkatae, ndiyo au hapana. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, uchaguzi wake wa kwanza ukafanyika mwaka 1995 na wa pili mwaka 2000. Albamu hii ilitoka mwaka uliofuata, wakati ahadi za kampeni zilikuwa bado zinanuka rangi mpya ukutani. Kwa hiyo kijana yule alipowafanya watu waitikie “ndio”, aligusa neno ambalo wazazi wetu walikuwa wamelitamka kwa miaka ishirini na mitano, wengine kwa moyo na wengine kwa mazoea.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Kwa miaka mingi alikuwa balozi wa nyumba kumi kijijini kwetu, na kazi yake, pamoja na kusuluhisha ugomvi wa mipaka na kuku, ilikuwa kuwakusanya watu mikutanoni. Mwaka ule wa 2001 nilirudi likizo na kanda ya albamu hii mfukoni. Tukaisikiliza barazani kwa redio ya betri. Kwenye maziwa ya bomba alicheka hata akafuta macho. Kisha kiitikio kilipokuja mara ya tatu au ya nne akanyamaza, na wimbo ulipokwisha akasema: “Huyu kijana anaimba vizuri, ila sisi hatukuwa wajinga. Tulisema ndiyo, shule ikajengwa. Tukasema ndiyo, zahanati ikaja. Tukasema ndiyo, bomba likatandazwa, likatoa maji miaka miwili. Sasa ungetaka tuseme nini?”

Nimeyachukua maneno hayo kila nilipokwenda na kanda hiyo. Wako wahakiki wanaosema kwamba wimbo wawacheka wananchi kwa ujinga wao. Sikubaliani nao. Kama ungekuwa kicheko tu, baba asingenyamaza. Ndiyo ya watu wake ilikuwa na heshima kwa mgeni aliyetoka mbali, ilikuwa na matumaini, na ilikuwa na hesabu pia: mwaka 1977 serikali ilitangaza elimu ya msingi kwa watoto wote, na watoto wa kijiji chetu, nami nikiwa mmoja wao baadaye, tulipata madawati kwa ndiyo hiyo. Mwenye kupata kitu mara tatu kwa neno moja halitupi neno hilo kwa kuwa limemdanganya mara ya nne. Uchungu wa wimbo, kwa kadiri nionavyo, umo humo. Mwanasiasa wake ni kikaragosi, tena rahisi kuchorwa; wa kutazamwa ni wale wasioonekana sura, ambao sauti yao ni moja na ambao hatujui walikuwa na maswali gani vifuani mwao.

Hapo ndipo nauona upungufu wa wimbo vilevile, na kuusema si kuupunguzia thamani. Haukumpa hata mmoja katika umati jina au kauli. Mwandishi wa tamthilia angemchomoa bibi mmoja kutoka safu ya nyuma, akamwacha aseme. Mfokaji hakufanya hivyo. Pengine dakika hazikutosha, au pengine alijua kwamba watu walio katika hali ile hawachomoki kwa urahisi.

Mwaka 2015 mambo yalichukua njia ambayo hakuna mwandishi wa riwaya angethubutu kuibuni. Joseph Haule aligombea ubunge wa Mikumi kwa tiketi ya Chadema, akashinda, akakaa bungeni hadi mwaka 2020. Hakuwa wa kwanza katika wenzake. Joseph Mbilinyi, yule Sugu, alikuwa amekwisha kutangulia kwa kuchaguliwa Mbeya Mjini mwaka 2010. Wacheshi walisema kwamba sasa mwimbaji amekuwa mzee mwenyewe na amepanda jukwaa lake. Mimi sikuona ucheshi mkubwa. Ni watunzi wangapi waliopata kuomba kura mbele ya watu wenye wimbo wao mdomoni? Kila ahadi aliyoitoa Mikumi ilipimwa kwa kipimo alichokifua mwenyewe miaka kumi na minne nyuma, na hakuwa na njia ya kukificha.

Siku hizi nausikilizisha wimbo huu darasani, mara baada ya somo la ngonjera. Mwenzangu mmoja alipinga kikaoni kuingizwa kwake katika orodha ya kazi za kusomwa, akisema chuo si ukumbi wa disko. Tulibishana saa nzima, na orodha ikapita kwa kura chache. Wanafunzi wa leo wamezaliwa baada ya albamu yenyewe. Huniitikia “ndiyo mwalimu” kwa adabu ambayo mara nyingine hunitia hofu, na nimejifunza kunyamaza baada ya swali mpaka ukimya uwachoshe.

Muhula uliopita niliwapa zoezi: kila mmoja atunge kauli ya mtu mmoja katika umati wa “Ndio Mzee”, kwa kufuata mdundo uleule. Wengi walileta matusi, wengine wakaleta hotuba. Msichana mmoja asiyezoea kusema alileta maneno mawili tu, “Lini, mzee?”, na chini yake akahesabu mizani: tano, sawasawa na za kiitikio, mkazo mahali palepale. Tuliujaribu kwa kugonga meza. Ukakaa. Hapo kijana mmoja wa nyuma akasimama akasema kuwa mtu mzima haulizwi lini mbele ya watu, bali husubiriwa. Mwingine akamjibu kwamba neno “mzee” lililomo ndilo adabu yenyewe, na swali halijaivunja. Wakagawanyika pande mbili. Kengele ililia wakiwa bado wanabishana, nami nikayachukua madaftari yao nikawaacha humo.