Meseji ya Saa Tano Usiku: Kiingereza Kilivyotaka Kunivunjia Harusi

Ilikuwa Alhamisi usiku, mwaka 2017, saa tano na dakika kumi. Nimekaa kitandani chumbani kwangu Sinza, nywele nimefunga kitambaa, daftari la michango liko mapajani. Harusi yetu ilibakiza wiki saba. Kwa karibu saa nzima mimi na mchumba wangu tulikuwa tunagombana kwa meseji kuhusu ukumbi. Mimi nautaka ule wa bei mbaya, yeye anauliza hela itatoka wapi wakati nusu ya walioahidi kuchangia hawajatoa hata shilingi. Mara simu ikalia. Nikasoma:

"Baby, I'm tired. Let's call it a day."

Mpenzi msomaji, moyo ulinilipuka paa! Nilisoma tena na tena, nikitumaini maneno yatabadilika. Lakini si unajua jeuri ya mtoto wa kike aliyesoma? Sikutaka aone nababaika. Nikamjibu kwa Kiingereza kile kile: "OK. If that's what you want."

Hata dakika haikupita, jibu likarudi: "Thanks. Sleep well."

Jamani! Mtu anakuacha, halafu anakutakia usingizi mwema?

Siku tatu za msiba

Ijumaa asubuhi nilizima simu, nikatuma ujumbe ofisini kupitia kwa dada wa jirani kwamba naumwa. Mchana kutwa nililia. Jioni akaja rafiki yangu wa karibu, mkononi kashika chipsi mayai, mdomoni kabeba umbea. "Bora umemjua mapema," akaniambia. "Halafu sikutaka kukuambia, lakini Jumanne kuna watu walimwona mgahawani na dada mmoja mweupe, wanacheka mpaka wanashikana mabega."

Nikaona kila kitu kimejieleza. Jumamosi niliandika ujumbe kwenye karatasi wa kumtumia katibu wa kamati, kwamba shughuli imesitishwa na waliochanga watarudishiwa chao. Ilibaki kuwasha simu na kuutuma.

Kilichoniokoa ni shangazi yangu, aliyefika Jumapili baada ya kanisa, bila taarifa, na kapu lake la ndizi. Alinikuta macho yamevimba. Nikamwambia ameniacha.

"Amekuambiaje?"

Nikamsomea, nikamfasiria: amesema tuishie hapa.

"Hayo ya Kizungu nimeyasikia. Kwa Kiswahili amesemaje?"

"Hajasema kitu kwa Kiswahili, shangazi."

Akaniangalia kama vile mimi ndiye mwenye kosa. "Mwanangu, huyu si yule aliyekuja kwetu na wazee wake, wakakaa sebuleni mchana kutwa wanaongea Kiswahili mpaka mahari yakatimia? Leo akuache kwa lugha ya watu? Washa simu. Muulize kwa lugha aliyokuposea."

Niliwasha. Zilikuwepo simu 19 nilizopigiwa bila kupokea. Nikampigia, nikauliza moja kwa moja: "Kwa nini unaniacha?"

Kimya. Kisha nikasikia sauti ya mtu aliyechanganyikiwa kabisa: "Nani anakuacha?"

Kumbe!

Mume wangu ni injinia wa barabara. Wakati ule msimamizi wao alikuwa mgeni, na kila jua lilipokuwa linazama alipiga makofi akisema, "OK guys, let's call it a day." Watu wanakusanya vifaa, wanapanda gari, na kesho yake saa moja asubuhi wako pale pale wanaendelea. Kwake yeye msemo ule ulimaanisha: tumechoka, tuishie hapo kwa leo, kesho tutaendelea. Mimi nilikuwa nimeujifunzia kwenye filamu, ambako mwanamume akishausema anachukua begi na kutoka, huku nyuma kinapigwa kinanda.

Nani alikuwa sahihi? Nilifungua kamusi nikiwa na hamu ya kushinda. Tulikuwa sahihi wote wawili! Msemo unabeba maana zote mbili. Ulianzia kazini. Katika karne ya 19 mtu aliyetaka kuondoka kabla ya muda alisema "call it half a day", yaani tuhesabu kwamba hii ni nusu siku ya kazi. Baadaye nusu ikaachwa, ikawa siku nzima. Msemo ulipohamia kwenye mapenzi, ile kesho ya kurudi kazini ilibaki njiani.

Nami nina shahada ya mawasiliano. Nilisomea kwa miaka mitatu jinsi ujumbe unavyotoka kwa mtumaji kumfikia mpokeaji. Cheka tu, nimeshazoea.

Chumvi yao na chumvi yetu

Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa wa misemo ya Kiingereza. Nina daftari. Kila ninaposikia msemo ofisini au nyumbani nautafuta ulikotoka, na mara nyingi nakuta ndani yake kitu kinachotuhusu sisi wenye wapenzi.

Chukua huu: "take it with a pinch of salt". Maana yake usilimeze jambo zima zima, lisikilize kwa tahadhari. Chanzo chake kinapelekwa mbali, kwa mwandishi Mrumi, Plinio Mzee, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha maarifa karibu mwaka 77. Anaeleza kwamba jemadari Pompei alipomshinda mfalme Mithridati, alikuta mapishi ya dawa ya kuzuia sumu: jozi mbili kavu, tini mbili na majani 20 ya mruda, vyote vikatwangwa pamoja na chembe ya chumvi. Ukila asubuhi kabla ya kitu kingine, sumu haikudhuru siku ile.

Sasa angalia sisi Waswahili. Kwetu chumvi inatiwa na msemaji. Mtu akitia chumvi, ameongeza uongo. Kwao chumvi inatiwa na msikilizaji, ili uongo usimdhuru. Ule umbea wa mgahawani ulikuwa umetiwa chumvi ya kwetu, nami nikasahau kutia ya kwao. Yule dada mweupe alikuwa binti wa mama yake mdogo, aliyekuja kupimwa gauni la harusi yetu.

Leso ya siku hizi

Wivu Waingereza wanauita "green-eyed monster", zimwi la macho ya kijani. Ni mtaji wa Shakespeare. Kwanza aliutaja wivu wa macho ya kijani katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1600, alilileta zimwi lenyewe katika Othello. Anayemwonya Othello kuhusu zimwi hilo ni Iago, na huyo huyo Iago ndiye anayelilisha. Othello anamuua mke wake asiye na hatia, na ushahidi mkubwa alionao ni leso iliyookotwa.

Leso ya siku hizi ni simu. Unaokota meseji moja isiyo na kichwa wala miguu, unaijengea hadithi nzima, na kuna rafiki pembeni anakusaidia kujenga. Simsemi vibaya rafiki yangu, alinipenda na aliniletea chipsi. Lakini ukiwa na leso mkononi, wa kwanza kumuuliza ni mwenye leso.

Kufumba jicho

"Turn a blind eye" sisi tunasema kufumbia macho. Waingereza hupenda kuuhusisha na Nelson, kamanda wa majini aliyepoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia vitani Corsica mwaka 1794. Mwaka 1801, kwenye vita vya Copenhagen, mkubwa wake alipandisha bendera za kumwashiria arudi nyuma. Inasimuliwa kwamba Nelson aliweka darubini kwenye jicho bovu, akasema haoni ishara yoyote, akaendelea kupigana na akashinda.

Angalia hapo: Nelson alijua fika bendera zinasema nini. Kufumba macho ni uamuzi. Nami kwenye ndoa nimeamua. Taulo lililolowa juu ya kitanda nalifumbia macho, na yeye anafumbia macho jinsi ninavyochelewa kila safari. Lakini deni la siri, uongo, au mkono unaoinuliwa, hapo macho yote mawili yawe wazi.

Gumba lililosingiziwa

Na kwa kuwa nimetaja mkono, hili lazima niliseme, maana nilibakiza kidogo nilichape gazetini. "Rule of thumb" ni kipimo cha makadirio, kama mpishi anayepima maji ya wali kwa kidole. Nimesikia kwenye semina zaidi ya moja kwamba msemo huu ulitokana na sheria ya Kiingereza iliyomruhusu mume kumpiga mke kwa fimbo isiyozidi unene wa gumba lake.

Si kweli. Msemo ulikuwepo kwenye maandishi tangu karne ya 17, ukiwa na maana ya kufanya jambo kwa uzoefu bila kipimo kamili, na hakuna sheria ya Uingereza iliyopatikana yenye kipimo hicho cha fimbo. Kilichokuwepo ni uvumi. Mwaka 1782 jaji mmoja, Francis Buller, alidaiwa kutamka maneno hayo, na mchoraji wa katuni James Gillray akamchora akigawa fimbo, akampa jina la Jaji Gumba. Kichekesho kikageuka historia.

Lakini usije ukatoka hapa ukisema basi wanawake wa Uingereza walikuwa salama. Vipigo vilikuwepo, na sheria ya zamani iliwapa waume nafasi ya kuwaadhibu wake zao. Sisi tunayo maandishi yetu, na si uvumi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vingine. Bwana na bibi harusi watarajiwa, kisomeni pamoja kabla ya kuchagua rangi ya sare.

Pingu, fundo na mwamba

Raha nyingine ni kuona tulivyofanana bila kushauriana. Mzungu akioa wanasema "tie the knot", amefunga fundo. Sisi tunafunga ndoa, na tukitaka kunogesha tunafunga pingu za maisha. Fundo linafunguka kwa kucha, pingu lazima utafute mwenye ufunguo!

Ndoa yao ikiharibika iko "on the rocks", kama jahazi lililopanda kwenye miamba. Yetu inagonga mwamba, au mambo yanakwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo baharini. Hao ni watu wa bahari wawili waliotazama mawimbi tofauti na kusema jambo moja. Ila "break the ice", kuvunja barafu ili boti ipite kwenye maji yaliyoganda, hiyo tumeazima. Kwetu barafu iko kwenye ndoo ya soda. Sisi tunavunja ukimya, na naona inatosha.

Miguu ya baridi

Nimebakiza msemo mmoja, na huu ndio ulionifanya niandike makala hii.

"Cold feet". Miguu ya baridi, yaani hofu inayokushika dakika za mwisho. Mwandishi wa Marekani, Stephen Crane, aliutumia katika toleo la mwaka 1896 la kitabu chake kuhusu msichana maskini aitwaye Maggie, na leo unasemwa zaidi kwa maharusi. Sisi ubaridi unatuingia moyoni, wao unawaingia miguuni.

Jumapili ile, baada ya kucheka kwenye simu mpaka shangazi akaja kuchungulia, mchumba wangu aliuliza swali ambalo sikulitegemea. "Lakini mbona uliamini haraka hivyo?"

Sikuwa na jibu. Nililipata usiku. Niliamini haraka kwa sababu mwenye miguu ya baridi nilikuwa mimi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa naamka alfajiri nikijiuliza kama nitaweza kuwa mke wa mtu. Ule ugomvi wa ukumbi haukuwa wa ukumbi. Na ile Ijumaa, katikati ya machozi, kilikuwepo kijisehemu cha moyo wangu kilichopumua. Niliisoma meseji yake nikaikuta hofu yangu, nikamkabidhi yeye jina la kuwa ndiye anayeacha.

Kesho yake nilimwambia, uso kwa uso, kwa Kiswahili: "Naogopa." Neno moja. Halina historia ya vita wala mfalme. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hata mimi. Naogopa hela, naogopa baba yako, naogopa nisije nikakuangusha." Tuliongea mpaka usiku wa manane. Ukumbi tulichukua ule wa bei nafuu.

Nimegundua kitu tangu hapo, na jichunguze kama hakikuhusu. Wengi wetu tuliosoma, tukigombana tunahamia kwenye Kiingereza. "I need space." "It is what it is." Yanatoka mepesi kwa sababu hayatuumi sana, ni kama kushika sufuria la moto kwa kitambaa. Hata "I love you" tunaitupa kama salamu, lakini "nakupenda" inatutoa jasho. Siwaambii muache Kiingereza, mimi mwenyewe naishi kwa lugha mbili na daftari langu la misemo bado linajaa. Ila jambo likiwa zito, liseme kwa lugha ambayo ukilia utalilia.

Nyumbani kwetu tuna kanuni moja sasa. Tukichoka kubishana, mmoja anasema, "Tuishie hapo, tuendelee kesho." Hiyo kesho hatuiachi isisemwe.