Panya, Bundi na Kumbukumbu za Ardhi

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba huota tende. Methali hiyo yamfaa kila asafiriye kutoka Kitengela kwenda Namanga akiwashangaa nyumbu na pundamilia, asijue kwamba shahidi bora wa historia ya mbuga hizo yumo shimoni: panya.

Nyumbu ni mhamaji. Hufuata mvua na malisho, hivyo mfupa wake hauelezi vyema hali ya mahali ulipookotwa. Panya huzaliwa, huishi na hufa katika eneo dogo. Wako wapendao nyasi mbichi za kando ya maji, na wako wastahimilio ukame. Magego yao ni magumu, hutofautiana aina kwa aina, na huweza kudumu ardhini kwa mamilioni ya miaka.

Ushahidi uko ng'ambo ya mpaka wa Namanga, katika Bonde la Olduvai, Tanzania. Mwaka 1976 mtaalamu Mfaransa, Jean-Jacques Jaeger, alichapisha uchambuzi wa visukuku vya panya kutoka tabaka la chini la bonde hilo, la takriban miaka milioni 1.8 iliyopita, mapema katika zama za barafu. Kuelekea juu ya tabaka hilo panya wa nchi kavu waliongezeka: ardhi ilikuwa ikikauka. Barafu yenyewe huku ilikaa vileleni. Tambarare zilipokezana mvua na ukame.

Huko Ulaya, meno ya panya wa maji hutumika kama saa: yenye mizizi ni ya kale kuliko yasiyo nayo. Olduvai, umri hupimwa hasa kwa majivu ya volkano, naye panya hueleza mazingira.

Ni nani aliyewakusanya panya hao? Mara nyingi ni bundi, ambaye humeza windo zima kisha hutapika kitonge cha mifupa na manyoya. Tahadhari inahitajika hapa, kwani bundi huchagua windo, na fuko aweza kuchimba akafia katika tabaka la kale kumliko. Ndiyo maana wataalamu hulinganisha visukuku na vitonge vya bundi wa leo, kama ilivyofanyika Serengeti.

Hata hivyo, katika masimulizi yetu mengi bundi ni ndege wa nuksi, naye hupigwa mawe. Bundi akitoweka, kipimo cha kusomea visukuku hivyo hupungua. Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kuitafakari upya taswira hiyo, kwa kuwa lugha iliyombebesha bundi lawama yaweza pia kumtetea.