Tukibadili Briji ya Besi, Sauti Inabadilika?

Kwenye kikundi chetu cha muziki hapa chuoni kuna mambo mawili yanayoweza kuvunja urafiki: mahesabu ya mchango na sauti ya besi. Muhula uliopita yalikutana. Mfuko ulikuwa na shilingi 190,000. Nauli ya watu kumi na moja kwenda kuimba Nyandira, kule juu Mgeta, na kurudi, ilikuwa 132,000 na bado haijalipwa. Ndipo mpiga kinanda wetu akasimama pale vimbweta na kutangaza kwamba tununue briji mpya ya gitaa la besi, ile nzito, shilingi 120,000 kutoka Kariakoo. Besi ingeamka, alisema. Ingenguruma. Nauli tungeitafuta bumu likiingia, na kila mwanafunzi anajua bumu linavyoingia.

Mpiga besi ni mimi, na gitaa ni la Baba Mdogo, aliyelipigia dansi kwenye baa na kumbi za mjini hapa kwa miaka mingi kabla hajarudi kulima Matombo. Kwa hiyo nilikuwa na sababu mbili za kutaka jibu la kweli. Kwanza hela ya watu. Pili, sikuwa tayari kufungua chuma kilichoshika nyuzi za mzee kwa sababu tu mtu ameona video.

Kwa asiyejua, briji ni kile kipande cha chuma kilichofungwa kwa skrubu upande wa chini wa mwili wa gitaa, ambako nyuzi zinashikiliwa. Mafundi wengine huita daraja. Kila uzi unapita juu ya kigoda chake kidogo, na kigoda hicho unaweza kukipandisha, kukishusha, kukisogeza mbele au nyuma. Mliosoma Fizikia mtakumbuka sonomita ya maabara: waya umevutwa juu ya ubao, na vidaraja vinasogezwa ili kubadili urefu wa sehemu inayotikisika. Besi ni sonomita yenye waya nne na umeme.

Hoja ya mpiga kinanda ina ukweli ndani yake. Ukipiga uzi, mtikisiko wake unakwenda na kurudi kati ya ncha mbili. Kila unapofika kwenye briji, nguvu kidogo inavuja kwenda kwenye ubao na hairudi. Briji nzito haitikisiki kirahisi, kwa hiyo inavujisha kidogo zaidi, na noti inakaa muda mrefu zaidi. Ila jiulize: mwili wa besi una kilo kadhaa, na briji imebanwa juu yake kwa skrubu tano. Ukiongeza gramu mia mbili kwenye mzigo huo, utasikia nini hasa? Halafu pikapu ya besi haina masikio. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, inahisi chuma cha uzi kikitikisika juu yake. Ubao na briji vinaingia kwenye sauti kwa kupitia uzi tu.

Historia nayo inachekesha kidogo. Fender walipotoa besi yao ya Precision mwaka 1951 kule Marekani, briji yake ilikuwa bati lililokunjwa, na vigoda viwili kwa nyuzi nne! Maana yake nyuzi mbili ziligawana urefu mmoja, na hakuna uliokaa sawasawa kabisa. Vigoda vinne vilikuja 1957, na shida iliyotatuliwa ilikuwa noti kukaa mahali pake. Briji nzito za kununua pembeni, kama Badass ya Leo Quan, zilipata umaarufu miaka ya 1970. Wakati huo James Jamerson wa Detroit alikuwa ameshapiga besi kwenye nyimbo za Motown zilizozunguka dunia nzima, kwa Precision ya 1962, briji ya kiwandani, na nyuzi ambazo hakuzibadili mpaka zikatike.

Mpiga kinanda akajibu kwamba yeye hataki mambo ya Detroit, anataka mngurumo wa Morogoro. Hapo alinigusa. Mji huu ndio wa Morogoro Jazz, iliyoanzishwa 1944 na kwenda Japani 1970 kwenye maonyesho makubwa ya Osaka. Ndio wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na wa Mbaraka Mwinshehe, aliyeondoka Morogoro Jazz 1973 akaunda Super Volcano, kisha akafariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979. Nikampigia simu Baba Mdogo.

"Shikamoo Baba Mdogo. Zile besi za zamani, ule mngurumo ulitokana na briji?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Marahaba mwanangu. Sisi tulikuwa tunashukuru nyuzi zikiwa nne. Badilisha unachotaka, lakini kile chuma usikitupe."

Aliniambia jambo lingine ambalo mimi naliona la maana kuliko mjadala wote: rekodi tunazozipenda zilifanywa Redio Tanzania, bendi nzima ikipiga pamoja, na mpiga besi alijua aache nafasi wapi ili gitaa la solo lipite. Nafasi hiyo ndiyo tunayoisikia na kuiita mngurumo. Kariakoo haiuzwi.

Hata hivyo maneno ya mzee hayatoshi kuwa ushahidi. Nilikuwa nimetoka mazoezi ya kufundisha, nimewarudia kidato cha nne mada ya mawimbi mpaka naiota: ukitaka kujua kitu kimoja kinafanya nini, badili hicho kimoja, vingine viache. Wanaosifu briji mpya karibu wote hufunga na nyuzi mpya siku hiyohiyo, maana ukifungua briji lazima uvue nyuzi. Nyuzi zilizokula jasho na kutu miaka miwili zinatoka, mpya zinaingia, gitaa linang'aa, na sifa zinakwenda kwa briji.

Fundi mmoja karibu na Soko la Chifu Kingalu alikuwa na briji nzito ya mtumba. Akakubali tuijaribu siku mbili. Kabla ya hapo akalipindua gitaa letu, akagonga uzi wa tatu na kuuliza, "Hii sauti ya nyuki mmeizoea?" Tulikuwa tumeizoea kweli. Skrubu ya kupandisha kigoda ilikuwa imelika meno, kigoda kinacheza. Ile ya kukisogeza mbele na nyuma ilikuwa imeganda kwa kutu, akailaza kwenye mafuta ya taa usiku mzima. Kesho yake akaweka skrubu nyingine, kisha akalinganisha noti ya katikati ya uzi, pale fureti ya kumi na mbili: uzi ukibonyezwa na ukiguswa tu bila kubonyezwa, noti ziwe sawa. Ikipanda ukibonyeza, kigoda kinarudishwa nyuma. Ikishuka, kinasogezwa mbele. Kazi na skrubu, shilingi 5,000. Nyuki wakaondoka, na kwa mara ya kwanza noti zangu za juu zikakubaliana na kinanda.

Baada ya hapo ndipo tukarekodi, waya ukitoka kwenye besi moja kwa moja hadi kwenye laptopu, wimbo uleule. Rekodi ya kwanza: briji ya Baba Mdogo na nyuzi za zamani. Ya pili: briji hiyohiyo na nyuzi mpya za 45,000. Ya tatu: nyuzi hizohizo mpya zikahamishiwa kwenye briji nzito. (Ukifungua briji, angalia waya mwembamba uliolala chini yake. Ndio athi. Usiporudi kugusana na chuma, besi itavuma kama friji na utailaumu briji bure.)

Watu sita wakasikiliza kwa hedifoni, bila kuambiwa ipi ni ipi. Nilikataza spika za simu, kwa sababu uzi mnene wa besi unatikisika mara 41 kwa sekunde, na kispika cha simu hakifiki huko chini. Ukilinganisha briji kwenye simu, unalinganisha vivuli.

Nyuzi za zamani walizitambua wote, papo hapo. Kati ya ya pili na ya tatu vikaanza vituko. Wawili walisema ni rekodi moja nimeirudia niwatege. Watatu waligawanyika. Mpiga kinanda alichagua ya pili kwa kujiamini kabisa, akasema uzito unasikika mpaka tumboni. Ilikuwa briji ya mzee.

Sitasema hakuna tofauti. Usiku, peke yangu, nilishikilia noti ya chini bila kuipiga tena, na kwenye briji nzito ilidumu kidogo zaidi, na mwanzo wake ulikuwa mkavu zaidi. Niliisikia nikiitafuta. Mtu anayepiga noti ndefu zinazoning'inia anaweza kuilipia, na sitamshangaa. Nyimbo zetu hazimpi besi nafasi ya kuning'inia. Kabla noti haijafa nimeshapiga tatu nyingine. Na kama briji yetu ingekuwa imepasuka, au vigoda vyote vinne vimeganda, ningesema tununue hata kesho, ya bei nafuu, ilimradi ikae imara.

Tulikwenda Nyandira. Mfuko ukabaki na 8,000. Briji nzito ilirudi kwa fundi ikiwa nzima. Mpiga kinanda bado anadai kwamba hedifoni zilimwonea, na anataka turudie jaribio kupitia spika kubwa za ukumbini. Nimemwambia mimi niko tayari siku yoyote, aje na 120,000 yake.