Brest, na Tangazo Lenye Nafasi Tupu

Dada yangu mpendwa,

Huku Tanga Mama anauliza utakuja lini, na anasema usimjibu kwa simu bali uje. Mimi nimerudi salama kutoka Ufaransa, na sasa nalipa deni. Uliniambia nisije nikakusimulia habari za mnara wa Paris. Ulitaka kujua wenzetu wanatoaje toleo jipya la programu bila timu kurushiana maneno na bila tangazo kuitangulia programu yenyewe. Basi kaa vizuri. Jambo hili limenigusa kuliko nilivyotarajia, na barua itakuwa ndefu.

Kwanza safari, maana najua utauliza. Brest iko mwisho kabisa wa magharibi ya Ufaransa, jimbo la Bretagne, mahali ambapo reli inakwisha na bahari inaanza. Ukitoka Paris, stesheni ya Montparnasse, treni ya kasi inakufikisha kwa muda wa saa tatu na nusu hivi. Mji wa zamani uliteketea mwaka 1944, Wamarekani walipowazingira Wajerumani waliokuwa wameishikilia bandari. Kwa hiyo unachokiona leo ni majengo ya zege ya baada ya vita na barabara zilizonyooka, pamoja na ngome kongwe iliyosalimika mdomoni mwa mto Penfeld. Juu ya mto huo watu wanavuka kwa kibanda kinachoning'inia kwenye nyaya, usafiri wa kawaida wa mjini, wenye abiria waliobeba mikate na watoto. Mtaa mkuu unaitwa Rue de Siam, kwa kumbukumbu ya mabalozi wa mfalme wa Siam walioshuka pale mwaka 1686. Nikiwa mtoto wa bandari, nimeupenda mji unaowakumbuka wageni wake hadi kwenye vibao vya mitaa. Na vibao vyenyewe vina lugha mbili, Kifaransa na Kibretoni.

Mwezi wa Julai jua la huko halina haraka. Magharibi unaiswali baada ya saa nne usiku, na Isha ukiingoja wakati wake utakuta usiku wa manane umeshapita. Chakula chao cha kila kona ni galette, ambayo ukiiona utasema ni chapati ya maji, ila unga wake ni wa kijivu na ndani wanakunja yai na jibini. Nilikula nyingi.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Debian unaijua kwa jina, maana seva yenu pale ofisini inaendeshwa nayo. Ni mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993. Hauna kampuni inayoumiliki. Una wanachama rasmi wapatao elfu moja waliotawanyika duniani, na kiongozi wanayemchagua kila mwaka, ambaye mwaka 2025 alikuwa Mjerumani, Andreas Tille. Mara moja kwa mwaka wanakutana. Mkutano wa kwanza ulikuwa Bordeaux mwaka 2000, na bara letu limewapokea mara moja tu, Cape Town mwaka 2016. Huu wa Brest, niliouhudhuria, ulianza Jumatatu tarehe 14 Julai 2025, siku ya sikukuu ya taifa la Ufaransa, kwenye kampasi ya chuo cha IMT Atlantique huko Plouzané, nje kidogo ya mji. Kuna jioni moja ambayo kila mtu huleta chakula cha kwao. Mimi nilipeleka visheti na kashata za nazi za Mama, na sahani ilirudi tupu.

Hewa ya mkutano ilikuwa ya watu wanaosubiri. Toleo la 13 lilikuwa limebakiza wiki chache. Matoleo yao hupewa majina ya wanasesere wa filamu ya Toy Story, na hili ni Trixie, yule dinosaria wa buluu mwenye pembe tatu. Milango ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine tangu Machi. Tarehe 15 Machi waliacha kupokea mabadiliko makubwa ya msingi, tarehe 15 Aprili wakabana zaidi, tarehe 15 Mei wakabana tena, na kuanzia tarehe 27 Julai hakuna kilichoingia bila timu ya toleo kukikagua na kukiruhusu. Siku ya kutoa nayo ilishapangwa: Jumamosi, tarehe 9 Agosti.

Basi mimi nikawa nakwenda kuketi kwenye chumba cha kufanyia kazi, karibu na watu wanaoshughulikia matangazo. Nilidhani nitakuta mwandishi mmoja mahiri amejifungia na karatasi. Nilichokuta ni mratibu ambaye siku nzima anauliza maswali. Anamwendea mtu wa kiini cha mfumo: sentensi hii ni kweli? Anamwandikia mwingine anayeshughulikia vifaa vyenye aina mpya ya chipu, riscv64, ambayo kwa mara ya kwanza inapokewa rasmi: niseme inakubali vifaa gani, na nisiseme nini? Kila sentensi ya tangazo ina mwenyewe, mtu anayeijua kwa sababu ameifanyia kazi kwa miezi, na kazi ya mratibu ni kuhakikisha huyo mwenyewe ameisoma na kuikubali. Katika siku zote nilizokaa pale, kuandika kwenyewe kulichukua sehemu ndogo kabisa ya muda.

Na rasimu ina nafasi tupu. Hilo ndilo lililonivutia kuliko yote. Pale penye idadi ya vifurushi vya programu, tupu. Pale penye idadi ya mistari ya msimbo, tupu. Hakuna anayeweka namba ya kukadiria "kwa muda", kwa sababu namba ya muda ikishazoeleka machoni hakuna atakayekumbuka kuiondoa. Namba zinahesabiwa mwisho, kutoka kwenye hazina yenyewe ya vifurushi, baada ya mlango wa mwisho kufungwa. Nilikumbuka ile rasimu yenu ya tangazo la programu ya zahanati, iliyosema "zaidi ya watumiaji 500" tangu siku ya kwanza. Nani alihesabu, dada? Na alihesabu lini?

Kitu kingine utakachokistaajabia ni kwamba rasimu haifichwi. Imewekwa wazi, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Nyinyi mnafunga mafaili kwa nywila na bado habari zinavuja kwenye makundi ya WhatsApp. Kwao kinachozuia tangazo lisitoke mapema ni makubaliano: kila mtu anajua ni nani mwenye neno la mwisho, na anajua kwa nini anangoja. Sababu hiyo ina historia. Mwisho wa mwaka 1995, muuzaji mmoja wa CD alichukua nakala iliyokuwa bado jikoni, akaichapa na kuiuza kwa jina la Debian 1.0. Watu wakanunua kitu kisichokamilika wakidhani ndicho chenyewe. Mradi ulilazimika kutoa maelezo kwa umma, kisha ukaamua namba 1.0 isitumike kabisa. Toleo halisi la kwanza la mfululizo ule, la Juni 1996, likaitwa 1.1, ili mtu yeyote asije akayachanganya mawili hayo. Fikiria, namba nzima ya toleo imezikwa kwa sababu neno lilitoka kabla ya kitu.

Ila kama ningeruhusiwa kukusimulia jambo moja tu la safari hii, ningekusimulia habari ya i386. Hizo ni kompyuta za zamani za biti 32, za aina iliyojaa kwenye shule zetu, zilizoletwa kama msaada na zinazoendelea kufanya kazi kwa sababu walimu wanazitunza. Kuanzia toleo la 13, Debian haizihudumii tena kama zamani. Hazina kiini chake wala diski ya kusimikia mfumo, na watumiaji wake wanaambiwa waziwazi wasipandishe toleo: mashine ikiweza biti 64 isimikwe upya, isipoweza istaafu. Sasa jiweke mahali pa mratibu. Una toleo zuri na lenye mengi mapya, unataka watu wafurahi, na humo humo una habari mbaya kwa mwalimu wa shule fulani ambaye humjui. Utaiweka wapi?

Waliiweka ndani ya tangazo lenyewe. Hii inatokana na mkataba wao wa kijamii wa mwaka 1997, ambamo waliahidi kutoficha matatizo, na waraka mrefu unaoambatana na kila toleo una sura nzima ya mambo ya kuangalia kabla hujapandisha. Humo utakuta, kwa mfano, kwamba mafaili ya muda yaliyo kwenye /tmp sasa yanakaa kwenye kumbukumbu ya mashine badala ya diski, na yanaweza kuchukua hadi nusu yake. Kwa mwenye seva kubwa hilo si kitu. Kwa zahanati yenye kompyuta ya gigabaiti mbili ni habari ya kukaa chini na kuisoma. Mimi naamini tangazo linapimwa hapo, dada. Mtu ambaye toleo jipya litamletea shida anastahili kujua kwanza, kwa lugha rahisi, wala si kugundua Jumatatu asubuhi wagonjwa wakiwa kwenye foleni.

Kisha kuna watafsiri. Maandishi ya Kiingereza yanapotulia, watafsiri wanaitwa, na kuanzia hapo mratibu anayalinda maandishi kama mali, kwa sababu neno moja likibadilika kwa Kiingereza, mtu wa Kifaransa, wa Kihispania na wa Kireno cha Brazil wote wanaanza kutafutana usiku. Kiswahili hakikuwamo mezani. Nimelisema hilo pale kwa unyenyekevu lakini kwa sauti, maana tuna historia: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Waliotuonyesha kwamba inawezekana wapo, na lugha ipo, na wanaoisoma ni mamilioni. Kinachotakiwa ni watu wachache watakaokuwa tayari zile siku maandishi yanapotulia. Nimejiandikisha kuwa mmoja wao kwa toleo lijalo, na nitakuja kukusumbua uwe wa pili.

Siku ya tarehe 9 Agosti nilikuwa nimeshafika nyumbani. Nilifuatilia nikiwa kibarazani, Mama akipita na kuuliza kama bado hawajatoa. Utaratibu ni huu. Kwanza hazina inasimamishwa, toleo la zamani linavuliwa hadhi na jipya linavikwa. Kisha wanatengeneza diski za kusimikia, kazi ya saa nyingi. Halafu wajitolea wanazijaribu moja moja kwenye mashine halisi, wakiweka alama kwenye orodha: hii imewaka, hii imesimika, ile ya wasioona inasema vizuri. Wakati wote huo timu ya matangazo inatoa taarifa fupifupi za hatua iliyofikiwa, ili watu wasibahatishe. Tangazo lenyewe limeshakamilika, limeshatafsiriwa, limekaa. Mtu mwenye kidole kwenye kitufe anangoja neno kutoka kwa watu wa diski, na hata dunia nzima ikiuliza, hakigusi.

Lilipotoka, nafasi tupu zilikuwa zimejaa. Baada ya miaka 2, mwezi 1 na siku 30 za kazi. Vifurushi 69,830, vipya vikiwa zaidi ya 14,100, na vilivyoondolewa kwa kuchakaa zaidi ya 8,840. Mistari ya msimbo 1,463,291,186. Nilimsomea Mama hiyo namba ya mwisho kwa sauti, akaniuliza ni nani aliyelipwa kwa kazi yote hiyo. Nikamwambia wengi wao hawakulipwa na mradi hata senti. Akanyamaza kidogo, akasema basi waandikiwe asante. Nimewaandikia.

Sasa yako. Mnatoa programu ya zahanati mwishoni mwa mwezi ujao, na rasimu uliyonitumia ni nzuri kwa lugha, lakini nimeisoma mara mbili nisijue ni nani atakayesimama nyuma ya kila sentensi. Ile ya usalama wa taarifa za wagonjwa, kijana wa seva ameiona? Ile inayosema inafanya kazi bila mtandao, imejaribiwa kwenye zahanati ipi? Na wale wa matoleo ya zamani ya simu, ambao najua haitawafungukia tena, mbona wamo kwenye aya ya mwisho kabisa? Wapandishe juu. Namba zote zitoe, acha mapengo, mtazijaza siku ya mwisho. Tarehe ya kufunga maandishi iwe wiki moja kabla, na baada ya hapo hata mkurugenzi akitaka kuongeza sifa aambiwe aweke kwenye toleo lijalo. Wewe unaweza kumwambia, anakuheshimu.

Nitumie rasimu yenye mapengo kabla ya Ijumaa, nami nitaipitia usiku huo huo. Visheti vyako Mama amevihifadhi kwenye kopo, na atavituma kwa basi la Jumamosi usipokuja mwenyewe. Na katika jibu lako niambie kwanza hili moja: siku ile, kwenye timu yenu, ni nani mwenye kusema "sasa"?

Mdogo wako,
Tanga