Nyumba kwa Jina la Dada

Nyumba haina bei moja. Iko bei anayoitaja muuzaji mbele ya majirani, na iko bei inayotajwa na karatasi, moja baada ya moja, juu ya meza za watu wasioiona nyumba yenyewe. Nilijifunza hayo mwaka 2018, ndugu yangu wa tumbo moja aliporudi Ifakara kutafuta mahali pa kuzeekea.

Aliondoka kijana. Alifanya kazi Uswisi miaka mingi, akaoa huko, akachukua uraia wa huko. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Alipoupokea wa pili, wa kwanza ulikwisha. Basi aliteremka katika kituo cha reli cha Ifakara akiwa mgeni mwenye viza, ingawa mzee wa kwanza kumwona alimwita kwa jina la babu yetu.

Nyumba aliipata upesi: vyumba vitatu, bati jema, mwembe uani, mahali palipoinuka ambapo maji ya Kilombero hayafiki wakati wa masika. Tukaanza kuhesabu. Palikuwa na upekuzi wa hati, ujira wa mthamini, ujira wa wakili, na ushuru wa stempu ambao ni kama asilimia 1 ya thamani. Palikuwa na kodi ya faida ya mauzo, iliyomwangukia muuzaji lakini ikajificha ndani ya bei. Palikuwa na malimbikizo ya kodi ya ardhi, ridhaa ya mke wa muuzaji kwa maandishi, picha, nakala na nauli. Ndugu yangu aliyaandika yote katika daftari bila ya kunung'unika.

Karatasi moja haikununulika. Wakili alimwuliza uraia wake, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimgawii asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji. Na nyumba ya kulala si uwekezaji.

Nilikasirika. Mji huu uliwapokea mapadre Wakapuchini kutoka Uswisi, na mwaka 1957 taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya nchi za joto ilifungua maabara yake hapa. Waswisi wapate mahali, na mtoto wa Ifakara arudi Mswisi akose!

Hasira ilipopoa niliikumbuka sababu. Mwaka 1951 Wameru walihamishwa kwa nguvu Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1958 Nyerere aliandika *Mali ya Taifa*, akionya kwamba ardhi ikiuzwa kama bidhaa, wachache wenye fedha wataimiliki na wengi watakuwa wapangaji. Mwaka 1963 umiliki wa daima ulifutwa. Hata mimi raia hati yangu haizidi miaka 99. Ukuta huo haukujengwa kwa ajili ya ndugu yangu. Lakini yeye ndiye aliyeugonga kwa paji la uso.

Watu walimnong'oneza, "Andika jina la dada yako, nani atajua?" Akanijia usiku kuniomba.

Nikamjibu, "Mdogo wangu, jina si kanzu ya kuazimana. Nikifa, wanangu watarithi kilichoandikwa, si kilichonong'onwa. Ukiinunua kwa jina langu, umeninunulia mimi. Ukiweza kulala humo hali unajua hivyo, nunua. Usipoweza, tunza fedha zako."

Siku tatu hakusema neno. Siku ya nne alilipa. Hati ilitoka kwa jina langu, na nyumba ni yangu kweli. Hakuna mkataba wa siri sandukuni. Yeye hulala chumba cha mashariki kila ajapo. Mwisho wa hesabu zake, chini ya jumla, aliandika: "Zawadi kwa dada."

Mwaka 2025 sheria ilirekebishwa ili kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine. Nilimwambia aiombe. Akasema amezeeka, na amechoka kujaza fomu. Nami simwachi. Nyumba ninayo, na sina haja ya nyingine; lakini ningependa jina lake liandikwe mahali fulani katika nchi hii kabla ya kuandikwa juu ya kaburi.