Fimbo ya Kumhurumia Mnyama

Msomaji, ukizuru milima ya Scotland, usishangae kumwona mwindaji ana bunduki begani na fimbo ndefu mkononi. Fimbo hizo si mkongojo. Ni miti miwili au mitatu iliyofungwa pamoja karibu na ncha za juu. Ukiitanua miguu yake, juu hutokea panda la kuegemezea bunduki.

Huko huwindwa kulungu wekundu, ambao madume yao huota pembe zenye matawi. Mbwa mwitu waliokuwa wakiwala walimalizwa zamani. Kulungu wakizidi, hula miche hata misitu ikashindwa kuota tena. Ndiyo maana hupunguzwa kwa risasi.

Lakini aliyekwea mlima huhema na mikono humtetemeka. Mtutu ukiyumba kidogo tu, risasi hukosa moyo na mapafu ikaingia tumboni, na mnyama hukimbia akafe polepole kwa maumivu. Kupiga ukiwa umelala chini ndiko bora, ila vichaka vikiwa virefu humwoni. Hapo ndipo fimbo hufaa. Tanua miguu yake, laza kitako cha mbele cha bunduki kwenye panda, wala si mtutu wenyewe, kisha tuliza pumzi. Ukiona bado unatetemeka, usipige!

Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977. Hata hivyo, jamaa yako ikienda mbugani na kamera, jaribuni panda kama hilo. Picha hazitayumba, na swara atabaki akila nyasi zake.