Kabla Hujanunua Msalaba wa Shaba

Ruashi, Lubumbashi

Mwipwa wangu,



Nimesoma habari za misalaba ya shaba unayouziwa huko Kinshasa. Unasema muuzaji anakuhakikishia ni ya kweli kwa sababu ilitolewa makaburini, upande wa Sanga. Napenda sana kwamba unathamini kazi za wazee wetu. Lakini hayo anayoyataja kama sifa, kwangu ndiyo sababu ya kuikataa.

Sanga iko kando ya Ziwa Kisale. Watafiti Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba huko mnamo 1957 na 1958, na Pierre de Maret akaendelea na kazi katika bonde la Upemba miaka ya 1970. Walichoandika kwa makini si umbo la misalaba tu, bali kila msalaba ulilala wapi ndani ya kaburi. Ile ya zamani ilikuwa mikubwa na michache. Iliyofuata ilikuwa midogo, mingi, inayofanana, nayo iliwekwa karibu na mikono au kiuno cha marehemu. Ndipo ikafahamika jinsi shaba yetu ilivyotoka kuwa alama ya heshima ikawa fedha ya kununulia na kulipia mahari. Msalaba ulioibwa usiku kwa jembe na kutupwa ndani ya gunia umepoteza ushahidi huo wote, na hakuna mtaalamu anayeweza kuurudisha.

Kuna bandia pia, na ni nyingi. Katika mji wa shaba kama huu wetu, kumimina msalaba ni kazi ya asubuhi moja, na tindikali huupa rangi ya kijani upesi. Sugua kwa kitambaa chenye maji: kutu ya kupakwa mara nyingi hutoka, ya kale imeshikamana na shaba yenyewe. Ila usiishie hapo. Ukinunua bandia umepoteza pesa. Ukinunua wa kweli usiojulikana ulikotoka, umemlipa mtu aliyevunja kaburi, na kesho atavunja jingine.

Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda vitu hivi. Kwa hiyo muuzaji akuonyeshe kwa maandishi: kilitoka kwa nani, mwaka gani, kimepitia mikono ya nani. Hasa hapo Kinshasa uwe macho. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha vitu zaidi ya 100 kwa makumbusho ya taifa, na baadaye vingi viliibwa, vingine vikaonekana tena kwa wafanyabiashara. Unaweza kununua mali ya nchi yako bila kujua.

Kama moyo wako uko kwenye kukusanya, anza na vitu vya mji huu. Tafuta sarafu za Katanga za 1961, zenye picha ya msalaba huohuo wa shaba. Hizo hazikutolewa kwenye kaburi la mtu. Tafuta vitabu vya kazi vya kampuni ya madini ya Union Minière, picha za harusi za kambi za wafanyakazi, cherehani, pasi za makaa. Mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 pamoja na Profesa Dibwe dia Mwembu, uliona thamani ya vitu hivyo vya nyumbani wakati wengi walikuwa wakivitupa.

Zaidi ya vyote, tafuta michoro. Zamani sebule nyingi za hapa zilikuwa na picha ya Mambamuntu, yule nguva, ukutani, au picha ya Colonie Belge yenye askari na kiboko. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia yetu nzima juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani alikokwenda. Mfululizo wake mkubwa uko Amsterdam. Hapa picha za wenzake zimebaki chache mno, zinaliwa na unyevu. Ukimkuta mama anayeuza yake, mlipe bei ya haki, uandike jina lake, mtaa wake, na nani aliichora. Karatasi hiyo iweke pamoja na picha daima.

Mwambie muuzaji huyo kwamba hununui. Ukija, tupite kwanza makumbusho ya Lubumbashi uione misalaba iliyochimbwa kwa utaratibu, kisha nikupeleke kwa wazee wa Ruashi ambao bado wana picha zao ukutani.

Mjomba wako